Maisha ya Heike Kamerlingh Onnes, Mtafutaji wa Baridi

Gazeti letu la shule limekwisha kuwapa maisha ya wafalme, ya majemadari na ya wasafiri wengi. Safari hii nimemwomba mhariri aniachie kurasa chache, nipate kumweleza mtu ambaye hakupigana vita wala hakutawala nchi. Yeye alitumia maisha yake yote akitafuta baridi. Jina lake ni Heike Kamerlingh Onnes. Katika vitabu vyetu vya fizikia hupewa mstari mmoja au miwili tu: kwamba aliigeuza heliamu kuwa majimaji, na kwamba aligundua metali zinazopitisha umeme bila kizuizi. Mistari hiyo ni ya kweli, lakini imeacha jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi, nalo ni swali alilolishika kwa miaka mingi: je, atomu chache za kitu kigeni zikiingia ndani ya metali, hufanya nini metali hiyo ikiisha kupoa sana? Swali hilo halikufa pamoja naye, na nitakapomaliza habari za maisha yake nitaeleza lilikofika.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba, 1853, katika mji wa Groningen, kaskazini ya Uholanzi. Baba yake, Harm, alikuwa na kiwanda cha kuchoma matofali. Mama yake, Anna Coers, alikuwa binti wa mchora ramani za majumba wa mji wa Arnhem. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya adabu na ya kazi. Ndugu yake Menso akawa mchoraji wa picha mwenye sifa, na ndugu mwingine, Onno, akashika kazi ya habari za biashara. Huyo tutakutana naye tena mbele. Heike mwenyewe aliingia Chuo Kikuu cha Groningen mwaka 1870. Mwaka uliofuata, akiwa kijana wa miaka 18, alishinda nishani ya dhahabu katika shindano la Chuo Kikuu cha Utrecht, kisha akaenda Heidelberg, Ujerumani, kusoma kwa Bunsen na Kirchhoff. Bunsen ndiye mwenye taa ile ambayo kila mwanafunzi wa kemia amekwisha kuiwasha. Alirudi kwao mwaka 1873, na mwaka 1879 akapata udaktari kwa kazi juu ya njia mpya za kuthibitisha kwamba dunia huzunguka.

Mwaka 1882, akiwa na miaka 29 tu, alifanywa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Hapo ndipo alipokaa mpaka mwisho wa kazi yake. Tangu siku za kwanza aliwaambia watu kwamba njia ya kufikia maarifa ni kupima, na kupima kwa uangalifu. Katika zama zile maabara nyingi zilikuwa chumba kimoja ambamo profesa alichezea vyombo vyake peke yake. Onnes alitaka maabara iwe kama kiwanda: mitambo mikubwa, mafundi wengi, kila mtu na kazi yake. Kwa kuwa mafundi wa namna hiyo hawakupatikana, aliwafundisha mwenyewe, na mwaka 1901 akaanzisha shule ya mafundi wa vyombo na wapulizaji wa vioo. Vijana wa shule ile walivaa makoti ya buluu, na watu wakawajua kwa rangi ile. Mimi naona shule hii ilikuwa na faida sawa na ugunduzi wake wowote, maana chupa nyembamba za vioo vya tabaka mbili, zilizotunza majimaji baridi, hazikuweza kutengenezwa na mtu asiye na mkono wa kazi hiyo.

Lakini kwanza ilimpasa kupambana na hofu ya mji. Mwaka 1807 jahazi lililojaa baruti lililipuka katikati ya Leiden na kuua watu wengi. Nyumba nyingi zilibomoka, na mahali pale palipobaki wazi ndipo maabara ilipojengwa baadaye. Basi watu wa mji waliposikia kwamba profesa anaweka gesi zilizoshindiliwa kwa nguvu nyingi ndani ya mitungi, waliogopa kwamba mambo ya mwaka 1807 yatarudi. Mwaka 1895 kazi hiyo ikasimamishwa, tume ikaundwa, barua zikaandikwa huku na huku. Hata James Dewar wa London, aliyekuwa akishindana naye katika kutafuta baridi, aliandika kumtetea. Ruhusa ilipatikana mwaka 1898, na mwaka huohuo Dewar akafaulu kuigeuza haidrojeni kuwa majimaji. Onnes alikuwa amepoteza miaka mitatu, na wa kwanza hakuwa yeye.

Ilibaki gesi moja tu ambayo hakuna aliyeiweza, nayo ni heliamu. Siku hizi tunasikia habari zake hapa kwetu, maana mwaka 2016 ilitangazwa kwamba iko nyingi chini ya bonde la Rukwa. Lakini wakati ule ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Hapa ndipo Onno aliposaidia: kwa njia zake za biashara alimpatia ndugu yake shehena ya mchanga wa monazaiti kutoka Carolina Kaskazini, Marekani. Mchanga huo ukichomwa hutoa heliamu kidogo. Mafundi na wanakemia waliichoma, wakaichuja na kuisafisha kwa muda mrefu mpaka wakapata lita mia chache za gesi.

Mwezi wa Machi 1908 Onnes alimpelekea Dewar simu kwamba ameona heliamu imeganda. Baada ya siku chache ilimbidi aikane habari ile. Kilichoganda hakikuwa heliamu. Ilikuwa haidrojeni kidogo iliyobaki ndani ya gesi yake. Nadhani fedheha ile ilimfundisha zaidi ya vitabu, maana tangu hapo usafi wa kitu anachokipima ukawa jambo asilolikubalia mzaha.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 10 Julai, 1908. Siku iliyotangulia walikuwa wamekwisha kutengeneza lita 75 za hewa ya majimaji. Kazi ilianza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hewa ile walitengeneza lita 20 za haidrojeni ya majimaji, na kwa haidrojeni ile wakaanza kuipoza heliamu, wakiizungusha katika mtambo uliojengwa na fundi mkuu Gerrit Flim. Saa zilipita, haidrojeni ikawa inakwisha, na kipimajoto kikasimama mahali pamoja bila kushuka. Wote walidhani wameshindwa. Ndipo Profesa Schreinemakers, aliyekuja kutazama, akashauri kwamba chombo kimulikwe kwa chini. Taa ilipomulika, kikaonekana kitu kama ukingo mkali: ni uso wa majimaji, na chombo kilikuwa karibu kujaa. Heliamu ilikuwa imekuwa majimaji zamani, ila ilikuwa safi na nyepesi mno hata jicho lisiione. Walipata kiasi cha sentimita 60 za ujazo, kama maji ya kikombe kidogo cha kahawa. Joto lake lilikuwa digrii 4 na kidogo juu ya sifuri kamili, yaani karibu digrii 269 chini ya ile inayogandisha maji. Hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo binadamu angeweza kufikia baridi hiyo, na kwa miaka 15 ikawa hivyo, Leiden peke yake.

Sasa, baridi hiyo ni ya kazi gani? Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Umeme ukipita katika waya hukutana na kizuizi, tunachokiita ukinzani. Waya ukipozwa, ukinzani hupungua. Swali la siku zile lilikuwa: ukipozwa mpaka karibu na sifuri kamili, itakuwaje? Lord Kelvin alifikiri kwamba elektroni zenyewe zitaganda, na ukinzani utapanda bila mwisho. Wengine walisema utapungua mpaka uishe. Onnes alichukua waya wa platinamu na waya wa dhahabu, akazitia katika heliamu, akapima. Hakuna hata mmoja kati ya wabishi aliyeridhika: ukinzani ulishuka, kisha ukasimama, usipande wala kushuka tena. Lakini aliona jambo moja, kwamba kadiri dhahabu ilivyokuwa safi, ndivyo baki ile ilivyokuwa ndogo. Joto hutikisa atomu za metali, na kutikisika huko huzuia elektroni. Ukipoza, mtikisiko hutulia. Ila atomu ngeni, kama fedha iliyo ndani ya dhahabu, haitulii. Ni kama jiwe katika barabara: jua liwake, mvua inyeshe, jiwe liko palepale.

Basi akasema moyoni, nikipata metali safi kabisa, ukinzani utakwisha. Akachagua zebaki, kwa sababu zebaki huweza kuvukizwa na kukusanywa tena mara kwa mara mpaka isiwe na taka. Tarehe 8 Aprili, 1911, kijana msaidizi wake, Gilles Holst, alikaa kwenye chumba cha vipimo pamoja na mita zake, na Flim na Dorsman wakashughulikia baridi. Ukinzani wa zebaki ukatoweka. Mwanzoni Onnes alidhani fikra yake imethibitika. Lakini walipopima tena kwa makini, waliona kwamba haukupungua polepole kama alivyotazamia: ulianguka ghafula, karibu na digrii 4.2, kama mtu aliyekanyaga ukingo wa shimo. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba alipoichanganya zebaki na dhahabu au kadimiamu kidogo, ikiwa chafu kwa makusudi, ukinzani ulitoweka vilevile. Usafi ulimpeleka mlangoni, lakini haukuwa ufunguo. Mwaka 1912 alipata habari hiyohiyo katika bati na risasi, metali za kawaida zisizo na usafi wa zebaki yake.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kumsifu. Makala zilizotangaza ugunduzi ule zilitoka kwa jina lake pekee. Holst, aliyekaa na mita, hakuwekwa kama mwandishi mwenzake. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya maprofesa wa zama zile, nami najua hivyo, lakini desturi si sababu ya kutosha. Holst aliondoka Leiden, na mwaka 1914 akaanzisha maabara ya utafiti ya Philips huko Eindhoven, ambayo ilipata sifa kubwa. Onnes alipewa Zawadi ya Nobel mwaka 1913.

Mwaka 1914 alifanya jaribio ambalo kila mwalimu wa fizikia hupenda kulisimulia. Alitia umeme katika mzinga wa waya wa risasi uliofungwa ncha kwa ncha ndani ya heliamu, akaondoa betri, na umeme ukaendelea kuzunguka kwa saa nyingi pasipo kupungua kwa kiasi cha kuonekana, sindano ya dira ikiushuhudia. Alikuwa na ndoto ya kutengeneza sumaku zenye nguvu mno kwa waya wa namna hiyo. Ndoto ile ikakatika mara, kwa kuwa aligundua kwamba sumaku yenyewe, ikizidi nguvu kidogo, huua hali ile na kuurudisha ukinzani.

Alikuwa mtu wa afya dhaifu, kifua kikimsumbua mara kwa mara. Mwaka 1887 alimwoa Bibi Maria Bijleveld, wakapata mtoto mmoja, Albert. Nyumba yao ilikuwa wazi kwa wageni. Lorentz, Ehrenfest na Einstein waliijua vizuri. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake alijitahidi kupatanisha wataalamu wa nchi zilizogombana na kusaidia watoto waliokufa njaa. Katika maabara alikuwa mkali, na wafanyakazi wake walimpenda na kumwogopa kwa pamoja. Alistaafu mwaka 1923, akafariki Leiden tarehe 21 Februari, 1926. Husimuliwa kwamba siku ya mazishi mafundi wake, wamevaa kofia ndefu na makoti meusi, walifuata gari la maiti kwa miguu, na kwa kuwa muda ulikuwa umepita gari likaenda mbio, nao wakawa wanahema nyuma yake. Mmoja wao akanong'ona kwamba mzee, hata akiwa amekufa, bado anawakimbiza. Miezi michache baadaye mwanafunzi wake Keesom aliigandisha heliamu, jambo ambalo Onnes alilijaribu mara nyingi bila kufaulu.

Nimeahidi kueleza swali lake lilikofika. Katika maabara yake, ambayo mwaka 1932 ilipewa jina lake, wenzake de Haas, de Boer na van den Berg walipima tena waya za dhahabu, wakachapisha habari zao mwaka 1934. Waliona kwamba ukinzani ulishuka kama kawaida, lakini karibu na digrii 4 ukaanza kupanda. Jiwe la barabarani lilikuwa likikua jinsi baridi ilivyozidi! Kwa miaka 30 hakuna aliyeweza kueleza. Mwaka 1964 Mjapani Jun Kondo akafumbua: dhahabu ile ilikuwa na atomu chache za metali yenye sumaku, kama chuma. Kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo, na elektroni zinazopita hubadilishana nayo mwelekeo wa mzunguko wao. Baridi ikizidi, mabadilishano hayo huwa na nguvu zaidi, na kizuizi hukua. Mwishowe elektroni huizunguka sumaku ile na kuifunika, isionekane tena kwa nje.

Sasa fikiri hivi: sumaku hizo zisiwe chache zilizotawanyika, bali ziwe katika kila chumba cha fuwele, zimepangwa safu kwa safu. Metali za namna hiyo zipo, nyingi zikiwa na seriamu au urani. Mwaka 1975 Andres, Graebner na Ott walipima mchanganyiko wa seriamu na alumini, wakaona kwamba elektroni zake, kwenye baridi kali, hufanya kazi kana kwamba kila moja ina uzito mara elfu ya elektroni ya kawaida. Ndiyo sababu zinaitwa metali za elektroni nzito. Mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake, Ujerumani, walionyesha kwamba mchanganyiko wa seriamu, shaba na silikoni hupoteza ukinzani wote chini ya digrii moja juu ya sifuri kamili, jambo lililopingwa na wengi, kwa maana katika metali za kawaida sumaku ndiyo adui wa hali hiyo.

Katika metali hizi kazi ya atomu ngeni inageuka. Chukua mchanganyiko wa seriamu moja na shaba sita. Ukiupoza, ukinzani hupanda kwanza kama katika dhahabu yenye chuma. Halafu, chini ya digrii 15 hivi, huanguka, kwa sababu seriamu zote zimepatana na elektroni zinapita safuni bila kugongana. Ondoa seriamu, weka lanthanamu mahali pake. Lanthanamu inafanana nayo sana ila haina sumaku. Katika metali ya kawaida tungesema umeondoa sumaku, njia imenyooka. Hapa ni kinyume: umetoboa tundu katika safu, na tundu lenyewe ndilo kizuizi. Ukitia lanthanamu nyingi, kule kuanguka kwa ukinzani hupotea kabisa, na kila seriamu iliyobaki hufanya kama iko peke yake.

Ukibadilisha shaba badala ya seriamu, mambo huwa mengine tena. Atomu ya dhahabu ni kubwa kuliko ya shaba. Tia dhahabu, fuwele inapanuka, elektroni zinazopita zinalegeza mkono wao juu ya seriamu, na sumaku zilizokuwa zimefunikwa zinaanza kujitokeza. Hilbert von Löhneysen na wenzake wa Karlsruhe walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba dhahabu ikizidi kidogo sehemu moja ya kumi ya atomu moja, kati ya zile sita za shaba, sumaku za seriamu hujipanga zikielekeana kinyume. Kwenye kipimo chenyewe cha sehemu moja ya kumi hazijui zijipange au zisijipange, na uzito wa elektroni huzidi kukua jinsi baridi inavyozidi, bila kufika kikomo kilichoonekana. Ukiibana fuwele yenye dhahabu zaidi kwa kanieneo kubwa, atomu zikakaribiana, sumaku hufunikwa tena, kana kwamba dhahabu imeondolewa. Kwa hiyo wataalamu hutumia atomu ngeni kama skrubu ya kurekebishia.

Vipimo hivyo hufanywa katika baridi ya sehemu ya mia ya digrii, na chini zaidi. Mtambo unaotoa baridi hiyo hutumia aina mbili za heliamu zilizochanganywa, na wa kwanza wa namna hiyo uliofanya kazi ulijengwa Leiden, katika maabara ya Onnes, mwaka 1964.